Nani Atamgeuza Vaso?

Kavala, 9 Februari 1961

Kaka Patapios,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mlima Mtakatifu kwenye nyumba yenu ya watawa, na kwamba kifua hakikusumbui kwa baridi hii. Mimi sijambo, ila mikono imepasuka kwa tumbaku ya ghalani. Mke wangu Vaso yuko vilevile. Tangu kiharusi kimwangushe, upande wa kulia haumsikii kabisa, na maneno yamebaki machache: "maji", "hapana" na jina langu. Lazima ageuzwe kitandani kila mara, la sivyo mgongo unaota vidonda.

Sikuandikii ili unionee huruma. Najua huruma si kazi yako. Nakuuliza jambo la ufundi, kwa kuwa ndilo ulilokwenda kujifunza. Jirani yetu Klio, yule mjane mshonaji, huja kunisaidia kumwosha mke wangu. Ni mwanamke mwema. Juzi tulikuwa tunakamua shuka, yeye kashika upande huu, mimi ule, akasema, "Argiris, na wewe nani anakuosha?" Akacheka. Nami nikacheka. Kisha nikaiachia shuka. Nilitoka nikasimama uani kwenye theluji bila koti mpaka akaondoka.

Nilikaa nawe huko miaka minne nikiwa mnovisi, yaani mwanafunzi wa utawa, kabla sijatoka kumwoa Vaso. Mafundisho nayakumbuka: linda macho, linda mawazo, lizuie wazo mlangoni kabla halijaketi. Sasa niambie, kaka. Likishaketi, mtu hufanyaje?

Mdogo wako,
Argiris


Mlima Mtakatifu, 2 Machi 1961

Argiris,

Amani kwako na kwa mgonjwa wako. Mimi ni mzima. Kifua kinakohoa, lakini bado ni changu.

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana haikustahili kukaliwa kitako. "Jambo la ufundi"! Ulitupa jembe katikati ya shamba ukaenda zako harusini, leo unarudi kuuliza wenzio wanalimaje. Nyinyi watu wa dunia mnachekesha. Mnalala jikoni, halafu mnashangaa nguo kunuka kitunguu.

Mimi sijaona uso wa mwanamke tangu wakati wa vita. Hata mama alipokuja mpaka bandari iliyo nje ya mpaka wetu, sikushuka. Nilimpelekea mkate uliobarikiwa. Walionisema walinisema. Usafi haulindwi kwa kuwaridhisha akina mama.

Fanya hivi. Mfungie huyo mwanamke mlango. Kimbia. Anayejadiliana na kishawishi ameshakivutia kiti. Kula maharage bila mafuta, lala sakafuni. Wala usiniandikie tena habari za shuka na vicheko. Barua zetu huzisoma kwa sauti mbele ya mzee wetu Sofronios, mkuu wa nyumba yetu, na sikupenda kutamka upuuzi ule kwa kinywa changu.

Kaka yako,
Mtawa Patapios


Kavala, 20 Machi 1961

Kaka mtukufu,

Salamu kutoka jikoni kwenye kitunguu. Sisi hatujambo, Vaso amekula supu yote jana. Kifua chako kiendelee vizuri. Na salamu kwa mzee Sofronios, kwa kuwa naye anasikiliza.

Umesema nikimbie. Haya. Nikikimbia, nani atamgeuza Vaso? Wewe umezungukwa na bahari pande tatu na polisi upande wa nne. Mwanamke haruhusiwi kukukaribia, hata mbuzi jike hamumtaki, halafu unajisifu kwamba hujaguswa! Useja wako unalindwa na serikali, kaka. Wangu hauna hata komeo.

Na mama, kwa taarifa yako, alikusubiri pale bandarini mpaka mwenye mgahawa akamwonea huruma akampa kiti. Mkate wako alikuja nao nyumbani. Ukaota ukungu kwenye rafu ya picha za watakatifu. Hakuula, hakuutupa.

Klio sikumfungia mlango. Nilisema naye.

"Usije tena peke yako," nikamwambia. "Njoo na mama yako, au usije."

Akaniangalia. "Unaniogopa?"

"Najiogopa mimi."

"Vaso mwenyewe hajui lolote, maskini."

"Mimi najua."

Akasonya, akaenda zake. Basi nikajifunza kumwosha mke wangu peke yangu. Mara ya kwanza nilimmwagia maji sikioni, akasema "hapana!" kwa ile sauti yake ya zamani ya kunigombeza nikiingia na matope. Nilifurahi nusura nilie. Baadaye Klio akarudi, na mama yake, bibi mmoja mkali anayejiketisha katikati yetu kama gunia la viazi na kumaliza halua yangu.

Na bado namtamani. Nakuambia ili usidhani nimepona, wala usijisifu kwamba maharage yamefaulu. Sijayala.

Mdogo wako,
Argiris


Kavala, 15 Oktoba 1961

Kaka,

Shikamoo. Hujambo? Kiangazi kizima umekaa kimya. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Kama unaumwa, sema. Sisi tunaishi.

Mdogo wako,
Argiris


Hospitali, Thesaloniki, 3 Desemba 1961

Argiris,

Habari za nyumbani? Vaso anaendeleaje? Kweli nilikuwa nimekasirika. Sasa sina nafasi ya kukasirika. Nilikuwa juu ya mzeituni tukichuma, ngazi ikateleza, nyonga ikavunjika. Wamenileta kwa mashua na gari mpaka hapa, wakanitia chuma. Lakini si hilo ninalokuandikia.

Hapa manesi ni wanawake. Walipokuja kuniosha nilijifunika shuka gubigubi nikapiga kelele wamlete mwanamume. Mwanamume hayupo. Basi nimekataa kuoshwa, na mgongo umeanza kuchubuka. Jana nesi mkuu, mama mnene aitwaye Fotini, alisimama miguuni pa kitanda mbele ya wagonjwa wote.

"Baba," akasema, "unadhani tunakutamani? Hapa wewe ni nyonga iliyovunjika na harufu. Usijipandishe cheo."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Muuza samaki wa kitanda cha jirani alicheka hadi mshono ukamuuma.

Njaa nimeishinda, usingizi nimeushinda, baridi nimeizoea. Kicheko kile kimenishinda. Nilimchukia yule mama kwa chuki niliyodhani niliizika zamani. Na kuna baya zaidi. Homa iliponipanda aliniwekea mkono kwenye paji la uso, na alipouondoa nilitaka aurudishe. Mkono tu, Argiris. Mkono mnene unaonuka dawa ya sakafu! Tangu hapo sala imekataa kukaa kinywani mwangu.

Njoo uniogeshe wewe.

Kaka yako,
Patapios


Kavala, 6 Desemba 1961

Kaka,

Pole sana. Vaso anakusalimu, yaani nilimtajia jina lako akafumba jicho. Klio na mama yake watakaa naye. Nakuja kwa basi la Jumamosi. Endelea kunuka hadi hapo.

Mdogo wako,
Argiris


Kavala, 10 Januari 1962

Kaka,

Shikamoo. Nyonga inaunga? Vidonda vya mgongo vimekauka? Nilipokuwa nakuogesha ulifumba macho hata kwangu mimi, nikabaki najiuliza unajilinda na nani. Sikukuuliza, mapovu yalikuwa mengi.

Niliporudi nilimkuta Vaso safi, nywele zimesukwa. Klio alimtanguliza mama yake nyumbani, yeye akabaki kizingitini na koti mkononi.

"Mke wako atakufa, Argiris," akasema. "Wote tunajua. Niambie tu nikusubiri. Sitakuomba kingine."

"Usinisubiri."

"Kusubiri si dhambi."

"Ukisubiri wewe," nikamwambia, "nami nitaanza kusubiri."

Alielewa. Niliona alivyoelewa, uso ulimbadilika rangi. Nitasubiri nini, kaka, kama si pumzi ya mwisho ya mke wangu? Ningekuwa namgeuza huku nikihesabu. Klio alilia, nami sikumgusa hata bega. Amehamia kwa ndugu yake mji wa Drama, na mama yake amekwenda naye. Nyumba imekuwa kimya na halua inakaa.

Sasa sikia. Mchana niko ghalani, na jirani ninayemlipa humgeuza Vaso kama anayegeuza samaki. Wewe hospitali wanakutoa, na ngazi za Mlimani huziwezi mpaka kiangazi. Mikono unayo. Njoo ukae kwangu. Mwanamke aliyemo humu hawezi kuinuka. Kama naye anakutisha, nenda ukajifiche pengine, ukaendelee kuwa msafi.

Mdogo wako,
Argiris


Thesaloniki, 22 Januari 1962

Mdogo wangu Argiris,

Salamu kwako na kwa shemeji yangu Vaso. Ni mara ya kwanza namwita hivyo, na umri umenienda. Mgongo umekauka. Natembea kwa magongo kama panzi aliyekanyagwa.

Barua yako niliituma kwa mzee Sofronios nikiomba ruhusa, nikitumaini ataninyima. Amejibu kwa mstari mmoja: "Nenda. Huku ulikuwa unamshinda adui ambaye hakuwahi kukutembelea." Nimeusoma hadi umenichosha.

Jana nilimwita Fotini nikamwomba anifundishe kumgeuza mgonjwa nikiwa nimekaa kitini.

"Mgonjwa gani?"

"Shemeji yangu."

"Mwanamke?" Akapaza sauti ili wodi isikie. "Jamani, baba anakwenda kumuuguza mwanamke!"

Kisha akanifundisha. Mkono chini ya bega, usivute kwapani. Goti lake likunje kwanza. Shuka isiwe na mkunjo hata mmoja. Ilinibidi nimtazame usoni ili nielewe. Shavu lake moja lilikuwa limevimba, anaumwa jino, na amefanya kazi hivyo wiki nzima. Nilijiandaa kwa vita, Argiris. Nikakuta mtu anaumwa jino. Najidharau kwa miaka niliyomwita mtu huyo mtego.

Usidhani nimekidharau kiapo changu. Kimebaki, na vita vyake ninavyo, na nyumbani kwako vitakuwa vigumu zaidi. Utanilinda nami nitakulinda. Nikianza kuhubiri, nipe shuka nikamue.

Nitafika Alhamisi. Usiwaambie majirani kwamba anakuja mtu wa Mungu. Waambie anakuja kiwete, shemeji yake Vaso.

Kaka yako,
Patapios