Tumekuzika Muleba, Baba Kulwa

Baba Kulwa,

Jina hilo hukuwahi kuitwa. Asubuhi ile ulipoingia duarani, kwenye shimo la wachimbaji kule Masumbwe, kutafuta dhahabu, tumbo langu lilikuwa kubwa na tulidhani ni mtoto mmoja. Walitoka wawili, wa kiume wote. Mama yangu akapiga vigelegele, akawaita Kulwa na Doto, kama sisi Wasukuma tunavyowaita mapacha. Mama yako akasema kwenye simu kwamba kwenu Wahaya wa pili ni Kato, basi huyu mdogo ana majina mawili.

Unajua kwetu mapacha wakizaliwa wanawake huimba nyimbo za matusi, na baba wa watoto hutukanwa kuliko wote. Walipofika kwenye sehemu yako, wakanyamaza. Hawakujua kama wanamtukana mtu aliye hai au marehemu.

Maana hukuonekana. Udongo ulibomoka baada ya mvua. Wenzako walifukua wakikutafuta mpaka maduara ya jirani nayo yakaanza kupasuka, wakaamriwa watoke. Waliniletea shati lako tu, lile uliloliacha juu limetundikwa kwenye nguzo.

Nikarudi na watoto kwenye chumba chetu cha Kambarage, hapa Shinyanga. Kila alfajiri, nikiwa nawasha jiko, nikawa nasikia kikohozi chako uani, kile kifupi cha vumbi. Nikifungua mlango, hakuna mtu. Ningesema ni akili yangu, ila watoto nao walikuwa wanageuza shingo kuelekea mlangoni, wote wawili kwa pamoja, halafu Doto anacheka.

Mama yako akapiga simu. "Mama Kulwa, kwetu mtu asipoonekana tunazika gogo la mgomba badala yake. Asipozikwa hutangatanga, na wa kwanza kuwafuata ni watoto wake. Niletee nguo aliyoivaa."

Nilikataa. Nilimwambia mwanao hajafa, hajaonekana tu. Baba yangu naye alikataa, kwa sababu zake. "Sisi hatuzikagi mti," alisema. "Mtu ni mtu."

Kisha Kulwa akapata homa kali, na alfajiri hiyo kikohozi hakikuwa uani. Kilikuwa ndani, karibu na kitanda. Nilikimbia na mtoto hospitali, akatibiwa malaria, akapona. Lakini kabla sijarudi nyumbani nilimpigia mama yako, nikamwambia nakuja.

Kwenu Muleba walikata gogo la urefu wako. Mama yako ndiye aliyewaonyesha, akiinua mkono juu ya kichwa chake mwenyewe. "Alikuwa ananipita mpaka hapa." Kisha akanigeukia. Shati lilikuwa bado na harufu yako kwenye kola, nilikuwa nalala nalo. Vidole vyangu vilikataa kufunguka. Akavifungua yeye, kimoja kimoja, akisema, "Pole, mwanangu. Pole."

Tukiwa bado pale, nikamwona baba yangu anaingia. Hakuwa ameniambia kwamba anakuja. Alikuwa na vumbi la basi mpaka kwenye nyusi, na ngozi ya ng'ombe imekunjwa begani. Akawasalimia wakwe zake wote, taratibu, kisha akaweka mzigo chini. "Mkwe wangu alikuwa mwenye mji," akasema. "Kwetu mwenye mji anazikwaga kwenye ngozi. Kama mnamzika, tumzike vizuri."

Wanaume wakatazamana, kwa sababu kule si desturi. Mama yako ndiye aliyeipokea. Akaitandika kwa mikono yake, gogo likavishwa shati lako, likalazwa juu. Mimi nilikuwa bado sijalia. Gogo bichi ni zito, Baba Kulwa. Waliolibeba waliyumba, na mama yako akawaambia, "Taratibu na Deo wangu." Hapo ndipo nilipolia.

Nikanyolewa. Baadhi ya ndugu zako walitaka nibaki, nirithiwe na mdogo wako. Nilikataa kwa heshima, na mama yako akanitetea, akasema mama wa mapacha haburutwi.

Nikarudi Shinyanga nikiamini yamekwisha. Juzi alfajiri ulikohoa tena uani.

Nimewaza sana. Nadhani hujui kwamba umezikwa. Kaburi liko Muleba, wewe uko Masumbwe chini ya mawe, na hakuna aliyekuja kukwambia. Ndiyo maana nakuandikia.

Basi nakwambia mimi mkeo. Umeliliwa. Umelazwa kwenye ngozi, karibu na baba yako, ndani ya migomba ya kwenu. Nenda ukapumzike, mume wangu, usituzunguke tena. Nakuaga hapa, na ninakuahidi hili: wanao wakishajua kusema, nitawaleta Masumbwe, tutasimama kwenye mdomo wa duara, watakuamkia shikamoo kwa sauti, kila mmoja kwa zamu yake.

Ukiwasikia, nakuomba, usiitikie.

Mkeo,
Mama Kulwa