Uwanja Bila Kiti

Lundi, tarehe 9

Pondu, majani ya muhogo, iko kwenye moto. Nimerudi toka ng'ambo, miguu inawaka. Mara ya tatu ninavuka mto kwa ile karatasi ya shamba. Karatasi iko tayari, niko nayo mukononi. Inakosa tu mukono ya chef wa mashamba na kashe yake, ule muhuri. Na kila mara wananiambia chef iko mission, safari ya kazi, Isangi. Ile Isangi anafanya nini huko, anaoa?

Jirani yangu Faustin amesimika nguzo za béton, za saruji, ndani ya shamba yangu. Moja iko pale kichwani kwa Augustin, bwana yangu, kwenye kaburi. Chef wa quartier, mukubwa wa mutaa yetu, amesema: leta karatasi yenye imetiwa mukono mbele ya dimanche, tarehe 15, nguzo zitatoka. Bila karatasi, lundi ijayo Faustin analeta mafundi. Donc ninaandika kila kitu ndani ya hii kaye ya masomo mujukuu aliacha. Wasinizungushe.

Mardi, tarehe 10

Ile uwanja mbele ya jengo la serikali. Béton tu, kubwa kama kiwanja ya ndege ya Simi-Simi. Muti hakuna. Kiti hakuna. Nguzo ndefu za kujivuna, kivuli yao nyembamba kama kamba. Mwenye alichora hii kitu hakuwa na koko, mama ya mama yake, nyumbani.

Niliketi kwenye ngazi. Polisi mumoja, ndevu bado kuota: "Koko, hapa hawakai." Nikamuuliza kama mama yake alimuzaa amesimama. Watu walicheka. Yeye pia alicheka. Lakini alinisimamisha.

Chef iko mission.

Mercredi, tarehe 11

Sikuvuka. Mvua. Magoti.

Faustin alipita na matofali. Alinisalimu vizuri, mama umeamukaje. Mwizi mwenye adabu anachosha. Matofali aliyapanga hatua tatu toka kwa Augustin. Sikulia. Nilitwanga muhogo mupaka mabega yakakataa.

Jeudi, tarehe 12

Kosa ni yangu. Nilifika mapema, firimbi ya bendera ikalia. Kila mutu alisimama pale alikuwa: motokari, baiskeli za toleka zenye zinabeba watu, mama wa mikate na beseni yake kichwani. Mimi niliendelea kutembea. Sheria ninaijua, mimi si mutoto: bendera ikipanda, hakuna kutembea mupaka firimbi ya pili. Lakini magoti yangu yakisimama hayaanzi tena upesi, na nilitaka kuwa wa kwanza mulangoni.

Yule polisi alinishika mukono. "Koko, unatukana inchi?" Nilimujibu inchi ndio inanitukana mimi. Bon. Waliniweka kwenye ukuta mupaka midi, saa sita, juani, kama mbuzi ya soko. Niliona haya. Miaka yangu yote hii.

Lakini wakati walinipeleka pale bendera ilikuwa ikipanda bado, na toka ukutani niliona mutu amesimama wima katikati ya uwanja, sakosi ya ngozi, mufuko wa kazi, mukononi. Chef Dieudonné. Yule alikuja kupima shamba yangu, akakula liboke yangu, samaki wawili ndani ya majani. Isangi yake iko hapa. Firimbi ya pili ikalia, akaingia mulango wa nyuma kama panya.

Kila siku anapita pale. Na bendera inamusimamisha hata yeye.

Vendredi, tarehe 13

Nilivuka na pirogi ya kwanza. Mulangoni sikuenda. Nilisimama katikati ya béton, nikangoja.

Akakuja, mwendo wa haraka. Aliniona. Akageuka. Firimbi ikalia.

Akaganda, muguu moja mbele. Mimi hatua mbili toka kwake, wima kushinda soda wa jeshi. Hakuna wa kusogea. Kamba ilikwama kidogo kule juu, nilimushukuru Mungu kwa ile kamba. Jasho ilimutoka chef kwenye shingo. Firimbi ya pili, nikashika koti yake.

"Mama, niko na reunion, watu wananingoja."

"Samaki ulikula bila reunion."

Polisi wa jana aliona yote. Akainama bila kuambiwa. Chef alitia mukono karatasi yangu juu ya mugongo ya yule mutoto. Kashe ilikuwa ndani ya sakosi. Siku zote hizi ilikuwa inatembea naye.

Nilivuka kurudi. Nililala saa kumi, mangaribi haijafika.

Dimanche, tarehe 15

Nguzo zilitoka jana. Chef wa quartier alisoma karatasi kwa sauti, Faustin akang'oa mwenyewe. Matofali alibeba. Hakunisalimu. Vizuri.

Karatasi iko na jina yangu, yangu tu. Wafu hawashiki shamba, walisema ofisini. Maisha yangu yote niliandikwa nyuma ya Augustin, muke ya fulani. Leo yeye ndiye analala kwangu.

Nilifikiri furaha itakuja. Ni kuchoka tu imekuja.

Baada ya misa nilienda kumuambia. Shimo ya nguzo niliifukia na mikono. Nikatandika kikwembe ya kiunoni kwenye udongo, nikakaa. Nilikaa wakati murefu. Hakuna mutu alikuja kunisimamisha.