Seva Iliyopimwa Muleba Ikiwa Gizani

Rahima, acha unachofanya! Meneja Karugendo kamwangushia Najibu wa kompyuta jumba bovu mbele ya mkurugenzi. Mbele ya mkurugenzi!

Ile seva ya kusimamia kompyuta za ofisi zetu za Bukoba na Muleba, ukubwa wake aliupanga Karugendo. Alihesabu zinazowaka siku Muleba hawana umeme! Najibu akamwonya, "Umeme ukirudi, zote zitaivamia kwa pamoja." Akajibiwa, "Meneja hapa nani?"

Leo umeme umerudi Muleba. Seva imekufa palepale, mkurugenzi anaangalia. Karugendo, bila haya: "Najibu ndiye alikosea kukadiria."

Najibu! Akamjibu kwa kejeli tu, "Basi waambie Muleba wazime kompyuta zao, seva itatosha."

Unajua lile jitu limefanya nini? Limechukua simu, limewapigia Muleba wazime.