Jiwe la Marehemu Pius

Kiseke, Mwanza
Ijumaa

Kaka Rwehumbiza,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Wifi na watoto hapo Muleba wazima? Mimi mzima, nagonga kokoto kama kawaida. Ningepiga simu, lakini wewe simu unaweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikia. Hii soma peke yako.

Ulisikia mlima wetu uliungua mwezi wa tisa. Yalibaki mawe na majivu. Akaja injinia wa maji, binti mdogo anaitwa Queen. Akachimbia nguzo mtoni, kaipaka nyeupe, njano, na juu nyekundu. Akatafuta mtu wa kuiangalia mvua ikinyesha. Nikasema mimi. Akanipa daftari na filimbi.

Akanieleza kwamba mlima ukiungua, udongo unakuwa kama sahani yenye mafuta, maji hayazami. Mizizi iliyoshika mawe nayo imekufa. Maji yakifika nyekundu, nipulize. Halafu akasema kitu nikaona ananitania: mvua inanyesha na maji yakapungua ghafla, hapo nipulize zaidi, maana huko juu kumeziba.

Jumanne mchana ikanyesha. Maji meusi tii, yananuka moshi. Yakafika njano. Halafu yakashuka. Kaka, mvua inanipiga usoni na mto unakauka. Nikapuliza. Jirani yangu Shimba akatoka mlangoni akauliza, "Mama Filimbi, maji yameisha, unamfukuza nani?"

Niliingia kwa Selina, ana mtoto wa wiki mbili, nikambeba yule mtoto nikapanda naye mwambani. Selina akanifuata anapiga kelele. Mtaa mzima ukamfuata Selina, wanadhani namuiba mtoto. Shimba naye, ana fimbo.

Ndipo ardhi ikatetemeka. Hayakuwa maji. Ulikuwa mlima unatembea. Miti iliyoungua imesimama wima, inakwenda. Mawe kama nyumba yanaelea kwenye matope, yanagongana, yanatoa cheche mvuani. Nyumba ya Selina iliondoka kama mtu kapangusa meza. Shimba fimbo ilimdondoka. Nikaona na jiwe la mume wangu marehemu Pius, lile alilogonga miaka sita likamshinda. Likapita linabingirika kama chungwa. Hakufa mtu. Umri huu wote sijaona kitu kile. Mpaka leo nikilala nakisikia kifuani.

Kaka, jiwe lile ndilo linanifanya niandike. Unajua jiwe kubwa tunalichoma moto kwanza ndiyo lipasuke. Pius alinifundisha, usiache moto mpaka jiwe lipoe. Mwezi wa tisa nililichoma lile, nikasikia bomba limetoa maji, nikashuka na ndoo. Upepo wa ziwa ukaniwahi. Moto ulioteketeza mlima ni wangu. Chenge, mchoma mkaa, ndiye walimsingizia, wakamfukuza mtaani. Nikakaa kimya. Ile nguzo sikuiomba kwa wema.

Kesho mtaa wananiita ofisini wanishukuru. Shimba ndiye atasoma risala. Nitasimama kabla yake, nimtaje Chenge, nijitaje na mimi. Selina atakuwa amekaa mbele. Mtoto amempa jina langu. Nikimaliza kusema, akitaka kulibadilisha, abadilishe.

Msalimie wifi, mwambie senene zilifika, nilikula zote peke yangu. Ukisikia nimefungwa usije na huo mguu. Niombee tu.

Mdogo wako,
Kokulinda