Hapana ya Shangazi Sabina

Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Ukungu haukuondoka hadi saa nne asubuhi, na vidole vyangu bado vinanukia kahawa.

Nina jambo la kukiri. Kwa wiki mbili nimekuwa nikifanya mazoezi ya sehemu nisiyoitaka. Kwenye mahafali ya kidato cha nne, kikundi chetu kitacheza ule wimbo unaopigwa kila duka pale Mlowo. Kijana anamtaka binti, binti anasema hapana, kijana anacheka na kuimba kwamba hiyo ni aibu tu, atarudi mpaka akubaliwe. Binti naye anacheka. Wimbo unaisha.

Binti huyo ni mimi.

Jana nilimwambia Atupele, kiongozi wetu, kwamba sehemu hiyo siipendi. Akanijibu, "Acha kudeka, utazoea." Nikarudi kwenye mstari.

Leo tulikuwa kichanjani na Shangazi Sabina, dada yake baba, tukichambua kahawa iliyoanikwa. Jirani yetu Mama Furaha alikuja kutusaidia. Nikaomba simu ya shangazi nipige wimbo, nijikumbushe hatua. Nilitegemea aseme nyimbo za siku hizi zinaharibu wasichana. Watu wengi husema hivyo, na lawama huishia kwetu tunaocheza.

Shangazi akacheza mabega! Mikono ikiwa ndani ya kahawa.

"Ngoma tamu hii," alisema. "Lakini huyo binti amesema nini hapo?"

"Amecheka, shangazi."

"Kabla ya kucheka?"

"Amesema hapana."

"Kumbe nimesikia vizuri. Sasa huyo kaka masikio yake yako wapi?"

"Ameyaacha Tunduma mpakani," Mama Furaha akadakia, "yanasubiri kugongwa muhuri!"

Tulicheka mpaka punje zikamwagika. Kisha shangazi akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Alipokuwa msichana, binti aliyelelewa vizuri hakutakiwa kukubali posa haraka. Alitakiwa kukataa kwanza, akiangalia chini. Akaja mchumba ambaye shangazi hakumtaka kabisa, naye akakataa kwa moyo wote. "Wakanisifu," alisema. "Kila nikikataa, wananiona nimelelewa vizuri zaidi." Alilia, wakasema ndiyo heshima yenyewe. Mahari ikapokelewa, gauni likashonwa.

Hapana yake ya mwisho aliisema kanisani, mbele ya madhabahu. Mchungaji alipomuuliza kama anakubali, akasema hapana, watu wakatabasamu wakidhani ni aibu. Mchungaji akarudia swali. Shangazi akainua uso, akamtazama, akasema tena hapana.

Mchungaji akafunga kitabu.

"Yule ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza ili asikie jibu," shangazi alisema, akaendelea kutoa punje mbovu.

Babu hakuzungumza naye mwaka mzima. Baadaye shangazi akaolewa na mjomba Yohana, ambaye anasema aliuliza mara moja, akaenda kwao kusubiri. Mimi nimekula ugali wa nyumba hiyo tangu utotoni bila kujua umetoka wapi.

Ninavyompenda shangazi yangu! Hakuulaani wimbo, wala hakuniambia kucheza ni dhambi. Alitaka tu neno la yule binti lihesabike kuwa neno.

Mchana nilikwenda mazoezini. Nikamwambia Atupele mbele ya wote kwamba sitacheka. Nikisema hapana, nitachukua mkoba wangu na kushuka jukwaani.

Elia, anayecheza sehemu ya kijana, akashtuka. "Na mimi nitacheza na nani?"

"Peke yako," nikasema.

Kikundi kizima kikaangua kicheko, Elia mwenyewe akiwemo. Atupele hakucheka. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kumbe jana ulikuwa unamaanisha?"

"Nilimaanisha."

"Haya. Jumatatu tuijaribu hivyo."

Sijui itakuwaje. Labda wageni watadhani nimesahau hatua. Labda mwalimu wa zamu ataniita ofisini. Lakini shangazi ameahidi kuja, na huwa anakaa mstari wa mbele hata asipoalikwa kukaa hapo.

Nataka aisikie hapana moja tu. Na itoshe.