Mwongozo Wangu Umemponza Kavutha

Mpendwa Mama Jacklyne,

Naomba msaada kabla ya Ijumaa maana usingizi umenihama. Mimi ni fundi wa kompyuta katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na mwezi jana meneja aliniagiza niwaandikie makarani mwongozo wa kusogeza kasa, kile kijistari kinachopepesa kwenye skrini, katika programu yetu ya kuandikia, nami nikaandika kurasa arobaini kwa raha zangu, ila programu hiyo humruhusu mtu kupanga vitufe apendavyo na vyangu nilivipanga miaka sita iliyopita nikasahau, kwa hivyo nilipoandika kwamba Kontrol na K hushusha kasa mstari mmoja nilisema ya kompyuta yangu tu, kumbe kwa wengine wote hufuta mstari. Karani wetu Kavutha akabonyeza vitufe hivyo kwenye orodha ya vibarua, akaona majina yakipanda akadhani yeye anashuka, na asubuhi watu thelathini wakarudishwa langoni kwa kuwa hawamo orodhani. Sasa ameandikiwa barua ya kujieleza na Ijumaa huenda akafukuzwa. Aliniuliza, "Nahashon, si nilifuata tu karatasi yako, kwani nilikosea wapi?" nikamjibu labda alibonyeza haraka, na Jumapili nikamwombea mbele ya kanisa zima. Je, nikirekebisha ule ukurasa kimyakimya, si itatosha?

Nahashon, Jericho

Bwana Nahashon,

Haitatosha, na unajua. Kurasa arobaini za kusogeza kijistari, na ukakosa dakika moja ya kuzijaribu kwenye kompyuta ya mwenzako? Kweli nyani haoni kundule. Uzembe ni wako, haraka ukamsingizia yeye. Na yale maombi yalikuwa ya nini? Mungu anamjua aliyeandika ukurasa ule. Asiyejua ni meneja.

Hofu yako naielewa, kazi Nairobi ni ngumu kupata. Hata kwa Kavutha ni ngumu.

Kesho asubuhi mwite meneja. Weka kompyuta yako na ya Kavutha mezani, bonyeza Kontrol na K kwenye zote mbili, ajionee. Andika kwamba kosa ni lako, tia sahihi, nakala mpe Kavutha mkononi. Waombee wale thelathini zamu za kwanza wiki hii. Halafu rudisha vitufe vyako kama vilivyokuwa mwanzo ndipo uandike mwongozo upya, na umpe kwanza mtu asiyekupenda akusomee.

Ukifukuzwa, nitakuhurumia kwa dhati. Akifukuzwa yeye, atakuwa amefukuzwa kwa kukuamini.