Kopo ni Kopo

5 Oktoba

Baba, shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Chiriku wangu, bado anaongea hata usingizini? Mimi mzima, ila chumba kimoja bila mtoto ni kikubwa mno.

Nina habari. Mwalimu mkuu amekubali Chiriku aingie darasa la watoto wadogo hapa ninapofundisha, mradi afaulu maswali ya Januari. Wanauliza maumbo: tufe, mche mstatili, mche duara, na lile lenye ncha liitwalo pia. Akifaulu, nitakaa naye. Akishindwa, ni hadi mwaka mwingine. Nisaidie, baba. Vifaa visikusumbue: mpe mpira, kopo, boksi la viberiti, faneli ya mafuta ya taa. Avishike, aviviringishe, avitaje.

Binti yako

19 Oktoba

Marahaba mwanangu. Goti ni lile lile, nalo linajua ni la nani, haliwezi kuniangusha. Barua hii naandika mwenyewe, sikumwita mtu, kwa hiyo usizicheke herufi. Chiriku mzima, anakula kunishinda.

Kwa maneno ya kopo na viberiti umenitukana, lakini nimekusamehe. Mimi ndiye seremala niliyetengeneza milango ya nusu ya mji huu, na mingine imeishi kuliko wenye nyumba. Leo mjukuu wangu asome kwa takataka? Nimekuchongea maumbo yako yote kwa mbao ngumu, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Ukilishika lile tufe utadhani lilizaliwa hivyo. Huko kwenu hamna kitu kama hicho. Kila jioni navipanga mezani, nagusa kimoja, anataja. Hakosei.

Ila hayo majina, mche mstatili, sijui mche duara, nani aliyatunga? Yanasikika kama dawa ya minyoo.

Baba yako, fundi

2 Novemba

Shikamoo baba. Huku kwetu salama, nasi tunawaombea hivyo hivyo. Dawa ya minyoo nimewasomea walimu wenzangu, wamecheka hadi kengele ikagongwa.

Vya mbao ni vizuri, sibishi. Lakini msiishie mezani. Mtoto anayekijua kitu mahali pamoja tu, bado hajakijua. Mwonyeshe na sufuria, na ndoo, na mche wa sabuni. Hapa wataweka vitu vya nyumbani mbele yake. Nakusihi, baba.

Binti yako

24 Novemba

Marahaba. Sisi wazima. Tangu lini kifaranga kikamfundisha kuku kutaga?

Juzi Chiriku alinijia na kopo la rangi, akasema, "Babu, hii nayo mche duara." Nikamwambia hapana, hilo ni kopo. Mche duara ni ule niliouchonga mimi. Akabisha, "Mbona linaviringika, babu?" Nikamwuliza, fundi hapa ni nani? Akalirudisha kopo mahali pake. Siku hizi hachanganyi tena. Kila kitu na jina lake, ufundi wangu wote umesimama hapo. Ukiomba patasi ukaletewa bisibisi, eti zote zina mpini, kazi itatoka?

Habari za sufuria usiniandikie tena.

Baba

17 Januari

Baba, shikamoo. Kaka amemfikisha Chiriku salama.

Jana wamemwuliza. Mwalimu mkuu aliweka kopo la maziwa, akauliza lina umbo gani. Akajibu, "Hilo ni kopo." Na hii? "Sabuni." Na huu? "Mpira." Mwalimu akamwinamia, akamwambia, "Mwanangu, hapa mezani hakuna mche duara hata mmoja?" Akaangalia meza yote, taratibu, akasema, "Ule uko kwa babu." Alijibu kwa adabu, hana wasiwasi hata chembe. Mimi nimesimama mlangoni, ruhusa ya kusema sina.

Hakuchukuliwa.

Uliniandikia kwa mkono wako kwamba alikujia na kopo. Alikuwa ameshajua, baba. Alijua peke yake, na wewe ukamnyang'anya. Sasa kabla ya kutaja kitu chochote ananitazama usoni kwanza, ananiuliza, "Niseme?"

Kwako harudi. Nikiwa kazini atashinda kwa jirani, mama mmoja mshonaji. Atacheza na vitambaa vyake na hakuna atakayemkataza kusema.

Binti yako

30 Januari

Mwanangu, mimi sijambo. Barua nimeisoma.

Huyo mwalimu mkuu hajui kuuliza. Mtu akionyeshwa kopo akasema kopo, kosa liko wapi? Mtoto amesema kweli mbele ya watu wazima, nanyi mmemfelisha. Wewe nilikulea kwa mikono hii hii, ukawa mwalimu, mbona hukuharibika? Kitanda chake nimekiongeza urefu, maana anakua. Mwambie kaka yako amrudishe mwisho wa mwezi ujao.

Baba yako

8 Juni

Mwanangu, hujambo. Chiriku naye hajambo, naamini.

Najua barua zangu zinafika, kaka yako amekiri. Sikulazimishi kujibu. Mimi hapa kazi zimenijaa, watu wanapanga foleni karakanani, hata nafasi ya kukaa sina. Nyumba imetulia. Naranda mbao asubuhi mpaka jioni na hakuna anayeniuliza swali.

Nina neno moja tu. Watu wa mtaani wananiuliza mtoto yuko wapi. Nimewaambia ni mimi niliyeamua aje kwako, kwamba mtoto wa kike akae na mama yake, nami uzee wangu unataka kupumzika. Wamenisifu sana.

Kwa hiyo siku ukipita huku, wakikuuliza, usinikanushe.

Baba